Sauti Isiyovuta Pumzi

Kanda ile ilirekodiwa miaka kumi na miwili nyuma, enzi ambazo Verna Latiolais bado alikuwa akipanda ngazi bila kushika mbavu, lakini asubuhi hiyo ilitaja saa sawasawa.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi na saba, jamani," alisema Ovide Saucier kutoka ndani ya mashine, kwa Kifaransa chake cha vinamasini. "Aliye kitandani atoke, aliye chooni aharakishe."

Verna akainua macho kwenye saa ya ukutani. Kumi na mbili na dakika kumi na saba. Akatabasamu, akapangusa jicho. Ovide alikuwa na siku tatu kaburini na bado alikuwa hachelewi kazini.

Kwa miaka thelathini na moja mtu huyo aliwaamsha watu wa Anse Perdue na vijiji vyote vya jirani. Alitangaza vifo, vizazi, ng'ombe waliopotea na nani anauza mbwa wa kuwinda. Wazee waliochapwa viboko shuleni kwa sababu ya kuongea Kifaransa walimsikia yeye akikiongea redioni bila aibu, akikichekea, akikitukania mvua, na wengi wao walimpenda kuliko ndugu zao wa tumbo moja. Mapafu yake yaliharibika tangu ujana, kwa vumbi la kinu cha mpunga na sigara zisizohesabika. Sentensi moja aliikata mara mbili au tatu ili avute hewa, na wasikilizaji walijifunza kumsubiri kama unavyomsubiri mzee avuke barabara.

Verna alikaa upande wa pili wa kioo kwa miaka ishirini na sita, akimbonyezea vitufe. Ovide alipofariki, meneja wao, Darrell Romero, alimwambia, "Kaa wewe kwenye kiti. Nani mwingine?"

"Mimi? Kifaransa changu kinajikwaa kila hatua. Watanicheka."

"Basi tufanyeje?"

"Tuna kanda zake zaidi ya mia nne kabatini. Tucheze hizo kwa siku tisa, tukimwombea. Halafu tutaona."

Wazo lilikuwa lake yeye Verna. Baadaye alijaribu mara nyingi kulisukuma kwa mtu mwingine, likakataa kwenda.

Simu zilimiminika. Watu walilia, wakacheka, wakaomba asubuhi fulani ya mwaka fulani ambapo Ovide alisahau kuzima kipaza sauti akamgombeza mkewe Nolia kuhusu soksi. Siku ya nne Darrell aliingia studio akisugua viganja.

"Siku tisa hazitoshi. Tuendelee mpaka kiangazi."

"Darrell, mtu amekufa. Tumpumzishe."

"Unawasikia wenyewe? Hawataki apumzike."

Siku ya tano studio ilianza kunuka. Ilikuwa harufu ambayo kila mtu wa huko anaijua, ya maganda ya kamba wa matopeni yaliyoachwa kwenye ndoo juani siku mbili. Verna alimwaga takataka, akasugua sakafu, akachungulia nyuma ya makabati kwa tochi. Nje, nyuma ya kituo, mabwawa ya mpunga yalitulia kama sahani, na upepo uliotoka huko ulikuwa safi kabisa. Uvundo ulikuwa ndani. Ulizidi kila alipoinama karibu na mashine ya kanda.

Siku ya sita aliweka kanda ya mwaka tisini na moja. Muziki wa kodiani, kikohozi cha Ovide, kisha matangazo ya vifo.

"Bwana Wilfred Meche, wa barabara ya kinu, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, amefariki jana jioni nyumbani kwake."

Mkono wa Verna ulikwama juu ya kikombe. Wilfred Meche alikuwa amekufa jana jioni. Mama yake Verna ndiye aliyempa habari hizo, wakiwa mezani.

Aliweka wimbo mwingine hewani, akaihamishia kanda mashine ya pembeni, akasikiliza pale pale, mara mbili, mara tatu. Ovide alikuwa akitangaza bei nafuu ya matairi ya trekta, akikohoa kila baada ya maneno manne. Hakukuwa na Wilfred yeyote.

Akamfuata Darrell ofisini.

"Ametangaza kifo cha Wilfred."

"Wilfred gani?"

"Wilfred aliyekufa jana, Darrell!"

"Hapa kila nyumba ina Wilfred wake. Wangapi wamekufa tangu tisini na moja?"

"Wa barabara ya kinu? Wa miaka sabini na tisa?"

Darrell alimtazama kwa huruma ile inayokera kuliko matusi. "Jana ulilala saa ngapi?"

Alikwenda kwa padri. Padri alimsikiliza akiwa amesimama, akamwambia kwamba huzuni ina masikio makali, kisha akamwomba asogeze gari lake, maana lilikuwa limeziba njia na jeneza la Wilfred lilikuwa linakuja. Verna alisogeza gari. Alikaa humo ndani mikono ikiwa kwenye usukani, akatamani kupiga honi mpaka betri iishe.

Nyumbani mama yake, Bi Eula, alikuwa jikoni na redio yake juu ya kiti mbele ya meza ya chakula. Alikuwa na miaka themanini na minne, na tangu msiba wa Ovide aliipa redio hiyo kiti alichokuwa akikalia marehemu mumewe. Wali na mchuzi wa nyama aliopakuliwa mchana haukuguswa.

"Mama, chakula kimepoa."

"Nyamaza kidogo. Ananiongelesha."

"Nani?"

"Ovide, nani tena?"

Ilikuwa saa kumi jioni. Vipindi vya Ovide vilikwisha saa moja asubuhi, na saa hizo kituo kilirusha bei za mpunga na muziki wa kusini. Verna alisogea. Ndani ya redio, chini chini, sauti ya Ovide ilikuwa ikisimulia jambo kuhusu tini na samli na siku ambayo Bi Eula aliolewa, nguo aliyovaa, mvua iliyonyesha, kiatu kilichonasa matopeni mbele ya kanisa.

"Unakumbuka, Eula mpenzi wangu? Mimi nakumbuka yote na sisahau chochote na kila uliyempenda yuko hapa karibu nami anakunywa kahawa anauliza Eula anakuja lini Eula mbona anakawia."

Ovide, katika maisha yake yote, hakuwahi kumwita mama yake Verna kwa jina. Alimwita Madam Latiolais, akivua kofia hata akiwa redioni. Lakini hilo halikuwa jambo lililomfanya Verna ashike ukingo wa meza. Alikuwa amekaa na mtu yule miaka ishirini na sita, masikio yake yamezibwa na hedifoni, akimsikia akiihangaikia hewa kwa kila neno, na sasa alikuwa akisikiliza sentensi inayokwenda, na kwenda, na kwenda, dakika nzima, dakika mbili, laini kama mafuta yanayomiminwa, wala hapakuwa na mahali popote ambapo msemaji alivuta pumzi.

Akachomoa waya ukutani. Sauti ikaendelea kwa maneno kama sita hivi, kisha ikanyamaza, kama mtu aliyekumbuka adabu.

"Chomeka," alisema mama yake.

"Mama, huyo si Ovide."

"Chomeka redio yangu, Verna."

"Amekuita mpenzi! Ovide angekuita mpenzi?"

"Wewe ulikuwa huko studio siku zote ukimsikia peke yako. Mimi nimekaa na kuta hizi miaka tisa tangu baba yako aondoke. Leo mtu ananisalimia unaona wivu." Bi Eula aliinuka, akauokota waya kwa vidole vyake vilivyokunjwa na baridi yabisi, akauchomeka mwenyewe.

Jumamosi, siku ya tisa, Verna alifika kazini akiwa ameamua. Angesema redioni kwamba kumbukumbu imekwisha, angeweka muziki mpaka saa moja, na Darrell akitaka kumfukuza amfukuze. Lakini alipofungua mlango wa studio saa kumi na moja na nusu, uvundo ulimpiga usoni kama tambara bovu, na kipindi kilikuwa tayari kiko hewani.

"Wapenzi wangu," sauti ilisema kwenye spika, "leo ndiyo leo. Kahawa iko jikoni, viti nimepanga. Vaeni nguo za kanisani."

Mashine ya kanda ilikuwa imesimama. Haikuwa na kanda ndani yake.

Alibonyeza kila kitufe alichokijua. Akashusha swichi kuu ya studio, taa zikazimika, mashine zikafa moja baada ya nyingine kwa mlio mdogo, na sauti ikaendelea, haikutetereka, ikitoka sasa kwenye spika zisizo na umeme na kwenye hedifoni zilizoning'inia msumarini na, alipokimbilia ofisini, kwenye redio ndogo ya mezani ya Darrell. Darrell mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya redio hiyo, uso wake umepauka kama unga.

"Umesikia?" Verna alimuuliza. "Sasa umesikia?"

"Sijasikia kitu." Alikuwa akitafuta funguo za gari mfukoni. "Ni hitilafu ya mnara. Nakwenda kumtafuta fundi."

"Darrell!"

"Nimesema sijasikia kitu!" Akatoka, na gari likaondoka likirusha kokoto.

Simu ililia. Alikuwa mama mmoja mzee wa Kijiji cha Juu, amekasirika. "We Verna, mbona mnapiga kelele pembeni? Ananielekeza njia, simsikii vizuri."

"Njia ya wapi, mama?"

"Ya kwake, jamani. Nyumba nyeupe, nyuma ya kituo chenu, ukipita mabwawa. Ametualika sote."

Nyuma ya kituo, ukipita mabwawa, hakukuwa na nyumba. Kulikuwa na mfereji mkuu wa kumwagilia, wenye kina cha watu wawili.

Verna alitoka kwa mlango wa nyuma, na kulikuwa kunapambazuka, asubuhi nzuri ya Aprili, ndege weupe wamesimama majini kama kawaida, na hapo ndipo alipowaona, wazee kumi na mmoja wakitembea kwa mstari juu ya tuta jembamba kati ya bwawa na bwawa, wanaume wamevaa tai, wanawake wamebeba mikoba yao ya Jumapili, mmoja amebeba keki kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, wote wakiongea na kucheka kwa sauti za chini kama watu wanaokwenda harusini, na wa kwanza wao, Mzee Adley Prejean, alikuwa ameshafika ukingoni na akashuka ndani ya mfereji bila kusita, akivua kofia kama mtu anayeingia mlangoni kwa mwenyeji wake, maji yakamfika kiunoni, kifuani, na kofia ikabaki juu ikizunguka.

Nyuma ya Mzee Adley alikuwa mama yake.

Verna alikimbia. Alipiga mayowe, na mkulima mmoja aliyekuwa akitega kamba wa matopeni kwenye bwawa la tatu akageuza boti yake. Verna alimdaka mama yake maji yakiwa kwapani, akamvuta kwa ukosi wa gauni, na Bi Eula alipigana naye, alimpiga kwa mkoba usoni, akimkemea kwa Kifaransa, "Niache, baba yako yuko pale mlangoni, humwoni?" Mkulima alisimamisha boti mbele ya wengine, akawazuia kwa kasia na kwa matusi mpaka wakaanza kutazamana na kuuliza wako wapi. Kumi walirudi nchi kavu. Mzee Adley alitolewa saa mbili baadaye, na keki ilikuwa bado inaelea.

Polisi waliandika kwamba ni gesi kutoka mferejini. Daktari alisema ni dawa za presha. Verna alijaribu kueleza, na kila aliyemweleza alimletea blanketi.

Mkulima yule ndiye aliyemvuta pembeni. "Shangazi yangu ni mtu wa dua," alisema. "Philomena Darby. Utamkumbuka, aliendesha basi la shule."

Philomena alikuja mchana huo huo na gari lake la mizigo, mwanamke mnene wa miaka sabini, viatu vya mpira miguuni. Watu walimwendea kwa majipu, kwa vichwa vilivyopigwa na jua, kwa watoto wanaoshtuka. Masharti yake yalikuwa yale yale ya watu wote wa dua wa huko.

"Usinilipe na usinishukuru," alisema kabla hata ya salamu. "Neno asante likikutoka, kazi yangu imeharibika. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Aliingia studio, akanusa, akakunja uso. Sauti ilikuwa bado inaongea, sasa kwa upole, ikiwaita wale kumi kwa majina mmoja mmoja huko walikolazwa hospitali. Philomena alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ovide nilimwombea mapafu miaka sita," alisema. "Alikuwa hamalizi Salamu Maria bila kupumzika. Huyu ni jini. Amekuta mlango wazi na nguo imetundikwa, akaivaa."

"Mlango upi?"

"Nikuulize wewe. Ovide alitangaza vifo vya watu wote wa hapa. Cha kwake alikitangaza nani?"

Magazeti yaliandika. Kanisani ilisemwa. Lakini redioni, saa kumi na mbili na nusu, mahali ambapo kila marehemu wa Anse Perdue alitajwa jina, umri, wazazi, watoto na saa ya mazishi, hakuna aliyesema kitu. Waliweka kanda, na siku tisa mfululizo Ovide aliamka akiongea.

"Hakuna," alisema.

"Basi utakitangaza wewe. Sasa hivi, mchana huu, kwa Kifaransa. Na kanda zifutwe."

"Zipi? Nilizocheza?"

"Zote. Siwezi kujua ameingia zipi."

"Haiwezekani." Verna alisimama mbele ya kabati kama mtu anayemlinda mtoto. "Mama Philomena, humu kuna miaka thelathini na moja. Kuna wazee waliopiga simu, wote wamekufa. Kuna nyimbo ambazo hakuna anayezijua tena. Baba yangu yumo humu! Alipiga simu mwaka themanini na nane kuuza boti, ndiyo sauti yake pekee niliyo nayo."

"Najua."

"Hujui!"

"Mama yangu yumo pia," alisema Philomena. "Aliimba Krismasi. Haya, chagua."

Na hapo spika ilinyamaza, mara ya kwanza tangu alfajiri, na katika ukimya huo uvundo wa maganda ulipanda mpaka macho yakamwuma, kisha kutoka ndani ya kabati, kutoka kwenye kanda iliyokuwa imelala ndani ya boksi lake haijaguswa, ikatoka sauti nzito ya mwanamume mwenye mafua, sauti aliyoisikia akiwa mdogo akibebwa mabegani kuvuka maji, sauti ambayo kwa miaka tisa alikuwa hawezi kuikumbuka vizuri hata akijitahidi, ikasema, "Verna, mwanangu, utanizima na mimi? Mimi nimekukosea nini Verna nimekaa humu gizani nakusubiri unifungulie tu unifungulie mara moja nikuone."

Verna alilia kwa hasira. Alimlilia baba yake, na alimkasirikia Darrell, na padri, na mama yake, na Ovide aliyevuta sigara, na yeye mwenyewe kwa uoga wake wa kipaza sauti uliomfikisha hapo. Kisha akavuta droo, akachukua sumaku kubwa ya kufutia kanda, akaanza na boksi la mwaka themanini na nane.

Ilichukua saa tatu. Philomena alisimama nyuma yake akinong'ona maneno ambayo hayaruhusiwi kusikika, mkono wake juu ya bega la Verna. Kanda moja moja ilipita kwenye sumaku, na kila moja ililalamika, nyingine kwa sauti ya Ovide, nyingine kwa sauti za akina mama wazee wakimtaja kwa jina, moja ikiimba wimbo wa Krismasi, na hapo mkono wa begani ulikaza mpaka ukaacha alama za vidole, lakini mnong'ono haukukatika.

Kanda ya mwisho iliponyamaza, Verna alirudisha umeme, akazunguka kioo, akakaa kwenye kiti cha Ovide. Akawasha kipaza sauti.

"Wapenzi wasikilizaji," alianza. "Tuna... tunasikitika kuwatangazia kifo cha Bwana Ovide Saucier."

"Si kweli," ilisema sauti, ndani kabisa ya hedifoni, ikigusa ngozi ya sikio. "Niko hapa."

"Mwenye umri wa miaka sabini na minne. Mwana wa marehemu Honoré Saucier na marehemu... marehemu Azéma..."

"Umekosea. Unajiaibisha. Mji mzima unakusikia."

Alikuwa amekosea kweli. Alirudi nyuma, akajikwaa kwenye jina lile lile, akatoa jasho, akasema neno la kiume mahali pa neno la kike. Aliendelea. Alimtaja mjane, Nolia. Alitaja watoto wawili. Alitaja kanisa, saa, kaburi lilipo, nani waliobeba jeneza. Sauti ilikuwa ikisema juu yake, haraka, haraka zaidi, maneno yakaanza kuparaganyika na kupoteza Kifaransa, yakawa mlio kama wa kitu kinachoburutwa kwenye matope mazito, na Verna akapandisha sauti yake mwenyewe mpaka koo likamwuma, akafika mwisho, pale ambapo Ovide alikuwa akimalizia kila tangazo.

"Tumwombee. Tumeshamzika."

Kitu kikapita kwenye kioo bila kukivunja. Huko nje, ndege wote weupe waliruka kwa pamoja kutoka bwawani. Kisha ukawa mchana wa kawaida, na harufu ya sabuni ya sakafu.

Verna aligeuka, mdomo ukiwa umeshafunguka. Philomena aliinua kidole. "Usithubutu," alisema, akavaa koti lake, akaondoka.

Watu hawakumwelewa. Hilo ndilo Verna alilotembea nalo wiki zilizofuata, kama kokoto ndani ya kiatu. Darrell alirudi Jumatatu akasema mbele ya kila mtu kwamba Verna alichanganyikiwa na msiba akafuta kanda zote, na hakutaja kwamba alikuwepo. Nolia alikataa mkono wake kanisani. "Ulikuwa umebaki na mengi ya mume wangu kuliko mimi," alimwambia, "na ukamtupa." Dukani watu walihama foleni. Mtu aliandika kwa rangi kwenye mlango wa kituo tusi moja la Kifaransa, na hata hilo aliliandika vibaya. Wale wazee kumi walitoka hospitali bila kukumbuka mfereji wala mwaliko, walikumbuka tu kwamba Ovide alikuwa akiwasalimia na sasa hawasalimii.

Mama yake alikuwa hamwongeleshi. Alikula, alinenepa kidogo, alisali rozari, aliongea na paka na mtu wa posta. Verna akiingia jikoni, Bi Eula alitoka kwenda barazani.

Kila asubuhi Verna alikaa kwenye kile kiti kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Alisoma vifo, vizazi na ng'ombe. Alijikwaa. Simu zilizokuja zilikuwa za kulalamika, na yeye alizijibu zote kwa adabu, akikata simu ndipo anapiga meza ngumi.

Wiki ya tano, Jumatano, alikuwa katikati ya tangazo la mzee mmoja wa upande wa kaskazini, taa ya simu ikawaka. Aliiweka hewani kwa bahati mbaya, kidole kiliteleza.

"Verna." Ilikuwa sauti ya mama yake, kali, ya jikoni. "Marehemu anaitwa Théogène. Té-o-jen. Wewe unasema kama mtu mwenye wali mdomoni. Mama yake alikuwa rafiki yangu. Rudia."

Verna aliitazama tena karatasi. "Bwana Téojan..."

"Rudia."

"Bwana Téojin..."

"Sikiliza vizuri. Té-o-jen. Usiogope jina la watu. Rudia."

Anse Perdue nzima ilikuwa inasikiliza, kikombe cha kahawa kikipoa kwenye kila meza. Verna alisogeza kipaza sauti karibu, akalirudia jina mara tano, mpaka Bi Eula akaguna, akakata simu bila kuaga.